Ndege wa Watoto Akiugua Usiku

Mama mwenzetu, mwezi huu tunaomba utuvumilie. Tumezoea kuzungumza nawe katika ukurasa huu juu ya homa za watoto, ada za shule, na namna ya kuifanya mboga ya jana iliwe tena leo bila manung'uniko. Leo tunataka kuzungumza juu ya ndege. Si kuku wa kitoweo, ingawa naye tutamgusa, bali yule ndege anayekaa tunduni barazani, au wale njiwa wa kijana wako juu ya kibanda, ambao hakuna anayetazamia kuwala na ambao watoto huwataja kwa majina kabla ya kulala.

Huenda ukasema, ndege naye ana dharura gani? Hata sisi tulisema hivyo, mpaka lilipotufika.

Miaka michache iliyopita baba watoto alirudi kutoka mjini na kasuku wadogo wawili, wale wa ukubwa wa kiganja wanaouzwa katika matundu ya waya. Mmoja alikuwa wa kijani na mwingine wa njano. Asili yao ni Australia, lakini siku hizi huzaliwa tundu kwa tundu duniani kote, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuwatunza. Binti yetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, aliwaita Pilipili na Limau. Aliwapa mtama na uwele, akawabadilishia maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na sisi tukafurahi kwamba amepata kazi ya kumfundisha uangalifu. Hatukujua hata yupi dume na yupi jike. Hatukuuliza.

Jumamosi moja jioni Limau alishuka akakaa chini ya tundu. Alikuwa amejitutumua manyoya kama mpira, miguu ameitanua, na mkia wake ulikuwa ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Tulidhani ni baridi. Tulifunika tundu kwa kanga, tukaendelea kupasi nguo za Jumapili. Ilipofika saa tatu usiku binti yetu alikuja kutuambia kwamba Limau analia kwa sauti ndogo na hawezi kusimama.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta la kufanya, na tunakuambia bila kuficha kwamba karibu kila tulilofanya lilikuwa kosa. Tulimshika kwa mkono mzima tukambana kifua ili asiruke. Tulimmiminia mdomoni maji yenye glukosi kwa kijiko. Alikohoa, mengine yakatokea puani. Tulipopapasa tumbo lake tukahisi kitu kigumu, ndipo tukaelewa kwamba ni jike na kwamba ana yai lililokwama. Mama mmoja jirani alitushauri tumpake mafuta ya kula na kuliminya yai litoke. Ashukuriwe baba watoto aliyekataa.

Tulikuwa na namba moja tu ya daktari wa mifugo, nayo ilikuwa imezimwa. Saa nne na nusu tulipata ya daktari mwingine kupitia kwa mtu afugaye ng'ombe wa maziwa. Alitupokea vizuri. "Mama," alisema, "mimi natibu ng'ombe na kuku wa mayai. Kasuku sijawahi. Mpe joto, msiliminye hilo yai, na saa kumi na mbili asubuhi nileteeni nione." Tulifanya hivyo. Limau alikufa kabla ya alfajiri, na mpaka leo hatujui kama kilichomuua ni lile yai au ni yale maji yetu ya glukosi.

Kisha tukaongeza kosa lingine. Tulimzungushia gazeti tukamtia katika pipa la taka, na binti yetu alipoamka tulimwambia kwamba Limau ameruka, amekwenda zake. Alilikuta lile gazeti mchana alipokwenda kumwaga maganda ya viazi. Hakulia mbele yetu. Alituuliza tu, "Kwa nini mlisema ameruka?" Hatukuwa na jibu la kumpa, wala hatujalipata mpaka sasa. Ndiyo sababu tunaandika haya.

NDEGE HUFICHA UGONJWA

Jambo la kwanza tulilojifunza baadaye ni kwamba ndege huficha udhaifu wake. Porini, ndege anayeonekana mgonjwa ndiye anayechukuliwa na mwewe. Kwa hiyo hujikaza, hula mbele yako hata kama anadonoa maganda matupu, na siku anayoshindwa kujikaza huwa ameugua siku nyingi. Mama anayesema "jana alikuwa mzima" kwa kawaida hakosi ukweli, ila jana alikuwa akidanganywa.

Kwa hiyo usingoje aanguke. Ndege anayelala mchana wakati wenzake wanaimba, anayejitutumua manyoya saa ambayo hakuna baridi, anayepumua kwa mdomo wazi au kwa kutikisa mkia, aliyenyamaza ghafla, au aliyeacha kitulio chake akakaa sakafuni, huyo ni mgonjwa leo. Angalia na kinyesi, maana sisi akina mama tuliolea watoto hatuoni haya kwa jambo hilo. Cha ndege mzima kina sehemu tatu: kiini cha kijani au kahawia, utepe mweupe, na maji kidogo. Kikiwa cheusi kama lami, au maji matupu siku nzima, au kimekatika kabisa, usingoje. Kasuku mdogo akikaa saa ishirini na nne bila kula yuko hatarini.

Lakini dalili iliyo bora kuliko zote haionekani kwa macho, nayo ni uzito. Ukiwa na mizani ya jikoni inayopima gramu, ile ya kupimia unga wa keki, mweke ndege ndani ya bakuli au kikapu kidogo na umpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala. Kasuku mdogo wa aina ya Limau huwa na gramu 30 hadi 40 hivi. Kasuku mkubwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu huwa na gramu 400 hadi 500. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kawaida, anahitaji daktari hata kama anaimba. Gramu nne huwezi kuziona chini ya manyoya, mizani huziona.

DAKTARI ATAFUTWE NDEGE AKIWA MZIMA

Hapa ndipo tulipoanguka sisi, nasi tunapakazia kuliko pengine pote. Madaktari wengi wa mifugo katika nchi yetu wamefundishwa na wamezoea ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Hilo si kosa lao, maana ndiko riziki ya wananchi iliko. Lakini maana yake ni kwamba usiku wa manane huwezi kupiga simu ya kwanza ukampata mtu anayejua kasuku. Inabidi utafute mchana, siku ambayo huna shida.

Anza na afisa mifugo wa kata yako. Pengine hatibu ndege wa tunduni mwenyewe, lakini anawajua wanaotibu. Muulize na yule anayeuza dawa za mifugo sokoni: akina nani huandika dawa za ndege? Kisha piga simu na uulize maswali matatu tu. Je, umewahi kutibu kasuku au njiwa? Je, unapokea simu usiku na Jumapili? Na kama wewe hupo, ni nani tumpigie? Daktari mwaminifu atakujibu kama yule wetu, "sijawahi", na huyo pia mweke katika orodha, kwa kuwa anaweza kumuuliza mwenzake na anaweza kupima dozi kufuata uzito. Hakikisha tu kwamba ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mtu anayetembea na sindano ya kuku ndani ya mfuko wa rambo usimkabidhi ndege wa gramu thelathini na tano.

Wanaoishi karibu na Morogoro wana bahati. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufundisha madaktari wa mifugo hapo na kina hospitali ya wanyama. Aliye Dar es Salaam yuko umbali wa kilometa 190 hivi, na hilo si la kufikiria saa sita usiku. Fikiria sasa.

Kama unaweza, mpeleke ndege wako aonekane mara moja akiwa mzima. Daktari atampima, atakuambia ni dume au jike kama anaweza kumtambua, na atakuwa na jina lake katika daftari. Sisi tungalimpeleka Limau mara moja tu tungaliambiwa kwamba kile kinyama kilicho juu ya mdomo wake, penye matundu ya pua, kilipogeuka kuwa cha kahawia kilikuwa kikitangaza kwamba yeye ni jike aliye tayari kutaga. Dume aliyekomaa wa aina yake huwa nacho cha buluu. Jambo lilikuwa usoni pake wiki nzima.

Na yai lenyewe hukwama kwa nini? Mara nyingi ni upungufu wa chokaa mwilini. Ndege anayekula mtama na uwele peke yake hapati chokaa ya kutosha kutengeneza ganda wala ya kumpa nguvu za kulisukuma. Baridi huzidisha, unene huzidisha, na yai la kwanza ni gumu kuliko yanayofuata, kama tunavyojua sisi wenyewe. Dawa yake ya mapema ni rahisi: ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufukweni, uoshwe vizuri na kukaushwa, ufungwe tunduni audonoe, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Aongezewe majani ya mchicha na karoti iliyokunwa. Tena aote jua la asubuhi lisilopita katika kioo, maana bila jua mwili hauwezi kuitumia hiyo chokaa. Likishakwama, kazi yako ni joto na hewa yenye unyevu, na mbio kwa daktari ambaye anaweza kumchoma sindano ya chokaa. Usiliminye. Likivunjika ndani humuua.

BOKSI LA NDEGE

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna boksi moja la viatu juu ya kabati ambalo hakuna ruhusa ya kulitumia kwa jambo lingine. Limetobolewa matundu pembeni. Ndani mna taulo dogo la zamani, kanga kuukuu, chupa ya maji ya moto yenye mfuniko unaokaza, pamba, bandeji laini, mkasi mdogo, tochi, na kichupa cha unga mlaini wa mahindi. Chini ya mfuniko tumebandika karatasi yenye namba za simu, uzito wa ndege, na jina la kijana wa bajaji aliyekubali kuamshwa usiku. Tunasema bajaji kwa makusudi, maana upepo wa bodaboda humchosha ndege ambaye tayari hana pumzi.

Kazi ya kwanza ya boksi hilo ni joto. Ndege mgonjwa hupoteza joto upesi, na joto la nyuzi 29 hadi 32 humpa nafasi ya kuishi mpaka kupambazuke. Mzungushie chupa kanga na uiweke upande mmoja wa boksi, upande mwingine uwe wazi ili akizidiwa asogee. Akianza kuhema mdomo wazi na kuinua mabawa mbali na mwili, joto limezidi. Mama wa Dar es Salaam mwezi wa Januari hana haja ya chupa yoyote, lakini mama wa Njombe au Mbeya mwezi wa Julai ataijaza mara nne kabla ya alfajiri. Funika boksi kwa kitambaa chepesi liwe na giza kidogo, liweke mahali pa kimya, na uwakataze watoto kufungua kila dakika. Tunajua ni vigumu.

Kumshika nako kuna adabu yake. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hupumua kwa kutanua kifua. Ukimbana kifua unamziba pumzi, hata kama pua yake iko wazi. Mfunike kwa taulo, shika kichwa chake taratibu kwa vidole viwili kutoka nyuma, na mwili uuache ulale ndani ya taulo bila kuubana.

Wala usimmiminie kitu mdomoni. Tundu la kupitishia hewa liko pale pale nyuma ya ulimi, na uji au maziwa yanayomwagwa na mama mwenye huruma huingia mapafuni. Usimpake mafuta, kwa sababu manyoya yenye mafuta hayashiki joto. Usimpe kipande cha kidonge cha mtu mzima, hata kidogo namna gani, wala dawa ya kuku iliyobaki mwaka jana.

Damu ikitoka kwenye ukucha uliokatika, bonyeza unga wa mahindi pale penye ncha kwa dakika kadhaa. Kwenye kidonda cha mwili usitie unga, bali gandamiza kwa kitambaa safi. Usidharau matone. Kasuku wa gramu 35 ana damu kama mililita tatu na nusu tu mwilini mwake mwote, pungufu ya kijiko cha chai. Na bawa likivunjika, kama lilivyovunjika la njiwa mmoja wa jirani yetu kwa manati ya watoto wa mtaa, usitengeneze gango la vijiti. Lilaze bawa kama linavyokunjwa, lifunge na mwili kwa bandeji bila kukaza kifua, na uende kwa daktari.

DHARURA ISIYO NA DAKTARI

Kuna jambo moja ambalo hata ukiwa na daktari mlango wa pili halitakusaidia, nalo ni moshi. Mapafu ya ndege huchuja hewa kwa nguvu kuliko yetu, ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walishuka migodini na chiriku wa manjano tunduni hadi mwaka 1986: chiriku alizirai kabla ya mtu kuhisi lolote. Mama anayeweka tundu jikoni karibu na jiko la mkaa amemfanya ndege wake kuwa yule chiriku.

Vile vikaango vya kisasa ambavyo chakula hakigandi navyo ni hatari. Kikaango cha namna hiyo kikisahauliwa motoni kitupu mpaka kikapata moto mno, hutoa hewa ambayo mtu huenda asiisikie, lakini ndege walio karibu hufa kwa dakika chache. Tunakumbusha pia dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza mende. Tundu lihamishwe kabla ya kupuliza. Ukisema "nitafungua dirisha baadaye" umechelewa. Hapa maandalizi ni kuchagua tundu litakaa wapi, nayo hayana gharama.

Na kwa kuwa watoto hupenda kugawa walichonacho: parachichi ni sumu kwa ndege, na chokoleti vilevile.

NJIWA, KUKU, NA KARATASI ZA SERIKALI

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, haubagui. Huingia kwa kuku wa uani, hupita kwa njiwa wanaokula nao chakula kilichomwagwa, na huweza kuingia hata kwa kasuku. Njiwa aliyepatwa na ugonjwa wa jamii hiyo huweza kupinda shingo hata akashindwa kudonoa. Hauna tiba; una chanjo. Ile ya I-2 hutengenezwa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na kuku hutiwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hiyo akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kuchanja siku moja. Juu ya njiwa, muulize daktari wako. Ndege mpya kutoka sokoni akae peke yake kama mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wengine.

Wenye kasuku wa kijivu tunawaomba wasome hapa kwa makini. Ndege huyo ni wa porini, na mwaka 2016 mataifa yaliamua kumweka katika daraja la juu la ulinzi, hata biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Kenya mwaka 2022 iliwapa waliokuwa nao majumbani muda wa kujitokeza na kuwaandikisha. Hapa Tanzania wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga kunahitaji kibali. Tunayasema haya katika habari za dharura kwa sababu tumeona yakitokea: mama ana kasuku aliyeachiwa na shemeji aliyehama, ndege anatapatapa, naye anaogopa kumpeleka kwa daktari asije akaulizwa karatasi. Ndege huyo hufa kwa woga wa mwenye nyumba. Nenda ofisi ya maliasili wakati ndege ni mzima.

NA WEWE MAMA

Ndege wanaweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa mapafu, hasa ndege wa jamii ya kasuku, na njiwa pia. Mwaka 1929 na 1930 ulienea katika nchi nyingi pamoja na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini. Huanza kwa homa, kichwa kuuma sana na kikohozi kikavu, na kwetu ni rahisi kuudhania malaria. Una dawa nzuri, lakini daktari lazima ajue pa kuutafuta. Kwa hiyo ukipata homa isiyoeleweka na una ndege nyumbani, mwambie daktari hata kama hakukuuliza. Mama mjamzito asisafishe tundu kabisa. Ugonjwa huu humpata vibaya. Wengine wote wayanyunyizie maji magazeti ya chini ya tundu kabla ya kuyatoa, vumbi la kinyesi lisipande.

KIASI GANI?

Tumeliacha jambo la fedha mwisho kwa sababu ndilo lililotugombanisha. Usiku ule wa Limau baba watoto aliuliza, kwa sauti ya chini, tutalipa shilingi ngapi kwa ndege aliyenunuliwa bei ya kuku. Lilikuwa swali la haki, ada ilikuwa haijaisha. Lakini liliulizwa mbele ya mtoto, saa mbaya, nasi tukalijibu kwa hasira.

Wiki mbili baadaye tulikaa wawili, watoto wamelala, tukakubaliana kiasi. Tuliamua kwamba nyumba yetu inaweza kutoa shilingi elfu thelathini kwa dharura ya ndege bila kugusa fedha ya chakula, na tukaanza kuiweka kidogo kidogo katika kopo. Kiasi chako kinaweza kuwa elfu kumi, au hata kisiwepo kabisa. Hakuna aibu katika kusema kwamba ndege huyu, akiugua sana, tutampa joto na utulivu, na daktari akisema hatapona tutamwomba amchome sindano ya kumaliza mateso. Aibu ni kuamua hayo mbele ya mtoto anayelia. Na tulikubaliana jambo moja zaidi, kwamba lolote likitokea binti yetu ataambiwa jinsi lilivyo, na yeye ndiye atakayechagua mahali pa kuzika.

Kopo lile lilifunguliwa mwaka uliofuata. Paka wa jirani alipenyeza mguu kati ya waya za tundu akamkwaruza Pilipili begani. Alama ilikuwa ndogo kama iliyochorwa na pini, na zamani tungalimshukuru Mungu tukaendelea na kazi zetu. Lakini tulikuwa tumeshaambiwa kwamba mate na kucha za paka hubeba vijidudu vinavyoweza kumuua ndege kwa siku moja au mbili hata kama kidonda hakionekani, na kwamba anahitaji dawa siku ile ile. Binti yetu alipanda kiti akaliteremsha boksi mwenyewe. Sisi tulikuwa bado tunatafuta viatu.

Daktari, yule yule aliyekuwa hajawahi, safari hii alikuwa ameshauliza kwa wenzake. Alisoma uzito kwenye karatasi, akapima dawa, akatuonyesha namna ya kuweka tone moja pembeni mwa mdomo na kungoja alimeze kabla ya tone la pili. Tulitumia elfu kumi na nane pamoja na bajaji. Pilipili alipona, ila bawa la kushoto limebaki limeshuka kidogo, na hawezi tena kuruka kutoka tunduni mpaka juu ya pazia kama zamani.

Binti yetu bado humpima kila Jumamosi. Jumamosi iliyopita alikuwa gramu 36. Mwakani anakwenda bweni, kwa hiyo sasa anamfundisha kaka yake kusoma mizani, na kaka yake anasema hiyo si kazi ya mvulana wa kidato cha tatu, lakini tumemwona akimwita ndege kwa mluzi anapodhani hakuna mtu sebuleni.